Mngoja

Siwema aliikuta pia ya kusokotea pamba imesimama wima sakafuni, imevaa uzi, ilhali aliiacha tupu. Akailaza kikapuni. Juu darini, mumewe akaguna.

Ulikuwa mwaka 1970, katika kijiji kimoja kusini mwa Palma. Mshamu, mpiganaji wa msituni, alikuwa amerudi na jeraha gotini, na askari wa Kireno walimsaka nyumba kwa nyumba. Madukani hapakuwa na uzi. Siwema akasokota wa kwake, akamshona.

"Unanishona au unanitia kiraka?" Mshamu alimtania siku ile.

Sasa hakutania. "Mke wangu, kuna kitu kinanivuta."

Siwema akapanda. Mshono ulikuwa ukifumuka; ncha ya uzi, imelowa damu, ilipenya kati ya boriti na kuteremka chini, ambako ile pia ilizunguka pasipo mkono, ikivuma kama nyuki.

Mama mkwe wake, Atija, aliingia na ndoo ya maji. Alipoiona ile pia, ndoo ikamponyoka.

"Umesokotea hiyo?" akanong'ona.

"Nilikosa uzi, Mama," Siwema akajibu akiteremka.

"Nyumba nyingine huiita pia tu, kwa kuwa huzunguka kama ile ya watoto. Ya kwetu inaitwa Mngoja. Mume wa bibi yangu alichukuliwa kazi ya shuruti. Bibi akasokota akimngoja hata roho ikamtoka, na jini akaingia humo, akaendelea kungoja. Mwanamke mwenye mume wa kumngoja haigusi, mwanangu. Humvuta huyo mume. Laiti ningekwambia mapema."

Nje buti zilikaribia, na kadiri zilivyokaribia mvumo ulipanda, harufu ya pamba iliyolowa ikajaa chumbani, uzi ukakaza, kisu cha Siwema kikateleza juu yake kama juu ya chuma, na huko darini Mshamu akauma shuka ili ukelele usimtoke, maana ukelele mmoja ungewamaliza wote.

Atija akaketi mkekani, akaikumbatia pia kwa viganja viwili.

"Mngoja," akasema taratibu, "uliyemngoja amekuja. Ni mimi."

Mvumo ukakatika. Uzi ukalegea. Buti zikapita.

Walipouosha mwili wa Atija, vidole vyake havikufunguka, wakamzika na ile pia mkononi.

Goti lilipopona, Mshamu alirudi msituni. Siwema akaketi kizingitini kumngoja. Jirani aliyepita akamsalimu. Akatazama mapajani pa Siwema, akaona vidole vikisokota hewa, na ndani ya nyumba tupu kitu kikavuma kama ile pia iliyozikwa.