Jumamosi za Kinanda

Stendi ya Masasi ilikuwa imefurika watu msimu ule wa korosho. Dominika, fundi cherehani wa Newala, alikuwa akihangaika kupakia robota lake la vitenge, ndipo mwanamume mmoja mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alipolishika upande wa pili. Aliitwa Gasper, mpiga kinanda wa kanisa kuu la pale Masasi. Kabla basi halijaondoka alikuwa amekwisha kumwalika: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipiga peke yake, bila kwaya, watu wakija kusikiliza tu.

Dominika akaenda. Ndani ya zile kuta nene za kale, sauti ya kinanda ilimwingia kifuani, akajikuta analia bila kujua sababu. Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Kati ya Jumamosi hizo wakawa wanapigiana simu. Gasper alimwita fundi wangu. Yeye akamtania kuwa vidole vile laini havijawahi kubangua korosho.

Jumamosi ya tano Dominika alichelewa. Alipoingia, alimkuta mwanamke wa gauni la bluu ameketi kando ya Gasper, amemwinamia sikioni, anamnong'oneza. Dominika aligeuka, akarudi Newala. Wiki mbili hakupokea simu.

Wiki ya tatu Gasper akaja mwenyewe. Aliuliza njia mpaka akafika dukani, akasimama mbele ya cherehani.

"Yule ni dada yangu, Scholastika," alisema. "Ananisomea noti. Macho yananipotea, Dominika. Daktari amesema hayatarudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani anataka mume wa kushikwa mkono?"

Dominika alikikunja kitambaa kilichokuwa mapajani. Kilichomuuma hakikuwa macho, bali kufikiriwa kuwa angekimbia.

"Umenijibia, Gasper. Hukuniuliza."

"Basi nauliza sasa. Utanioa hivi nilivyo?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri sare zao wakacheka, wakisema mume haolewi. Dominika naye akacheka, machozi yakimtoka, akamwambia apeleke posa kwa baba yake huko Kitangari. Kisha akampigia simu Scholastika, akamwomba amfundishe kusoma noti.

Ilimchukua karibu mwaka. Jumamosi ya kwanza alipoketi yeye kando ya mumewe, alipotea mstari wa tatu, kidole kikitafuta noti. Gasper aliinua vidole, akasubiri. Kanisa zima likasubiri naye.