Walisema Amekwenda Migori

Jumatatu watu hukanyagana katika soko la Daraja Mbili. Damaris alikuwa akipenya kati ya mafungu ya mitumba, gauni lake la manjano amelishika lisiguse tope, mkungu wa ndizi za mkahawa wake begani, alipomgonga kijana mmoja mrefu. Utomvu ukampaka shati jeupe kifuani.

"Woi! Pole. Huo hautoki."

"Hautoki kabisa?"

"Labda utoke pamoja na shati."

"Basi nivue hapa hapa?"

"Usiniletee kesi sokoni. Chagua lingine pale, nitalipa."

Akachagua la buluu. Lilimbana mpaka vifungo vikalia, naye Damaris akacheka hadi machozi. Kijana aliitwa Abner, muuzaji katika duka la mabati mjini Kisii. Mwezi wa pili wa kujuana kwao ulipoingia, Damaris alikuwa akigeuza chapati huku simu ameibana kwa bega.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nitakulaje na wewe unaongea tangu saa nne?"

Jumapili moja Abner alikuja kwake kunywa chai. Damaris, ambaye hakuwa na desturi ya kuzungumzia kwao, siku hiyo alizungumza.

"Baba alikuwa mchimba mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea vinyago, kule juu ng'ambo ya Tabaka. Nilikuwa na miaka sita. Siku moja hakurudi. Msimamizi wao alisema alimwona akipanda gari la Migori na mwanamke."

"Baba yako anaitwa nani?"

"Nyamongo. Nyamongo Ogeto."

Kikombe kikamtoka Abner mkononi. Akasema tumbo linamsumbua, akaondoka bila koti lake.

Siku nane hakupokea simu. Siku ya tisa Damaris alivaa kitenge chake chekundu, akabeba koti la Abner, akaenda dukani akiwa amekaza midomo.

"Kama ni mwanamke mwingine, sema niende zangu."

"Hakuna mwanamke."

"Basi unaona aibu, mimi mtoto wa baba mtoro?"

Abner akamvuta nyuma ya mabati, mbali na wateja. Alikuwa amekonda.

"Yule msimamizi ni Alfayo, baba yangu. Na hapakuwa na gari la Migori. Shimo lilimwangukia mzee wako. Baba ndiye aliyemwambia achimbe chini ya mwamba bila nguzo. Akaogopa ndugu za mzee wako watamuua, akalijaza kifusi. Aliniambia mwaka jana, alipopatwa na kiharusi."

"Mwaka jana?"

"Nilijua jina tu. Sikujua kama ana binti."

"Ana mke, Abner! Miaka ishirini na miwili mama yangu anakaa benchi la mwisho kanisani, wanawake wakimcheka kwamba mume alimkimbia! Na wewe unauza mabati!"

Akamwachia koti lake miguuni. "Usinipigie tena."

Abner hakupiga. Kesho yake alirudi nyumbani, akasimama mbele ya baba yake.

"Utaonyesha mahali, baba, au nitakwenda polisi peke yangu."

"Utanifunga uzeeni, mwanangu?"

"Wewe tunajua tutakuzika wapi. Yeye je?"

Mzee alilia mchana kutwa. Jioni akasema, "Nipeni fimbo yangu."

Kilima cha machimbo hakina hata kivuli. Ni mawe matupu na vumbi jeupe linalokausha koo, na mashimo ya zamani yameachama pande zote. Polisi walimkalisha Alfayo kwenye kiti, akanyoosha fimbo. Vijana wakachimba. Damaris na mama yake, Drusilla, walioitwa na polisi, walisimama kando siku mbili bila kumsalimu mtu. Abner alichimba mpaka viganja vikachubuka.

Siku ya tatu, saa saba mchana, alipaza sauti. "Simameni!"

Mfupa wa mguu, na kiatu cha tairi. Drusilla akapiga magoti, akafuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Ni yeye. Kamba hii nilishona mimi." Akamgeukia binti yake. "Hakwenda. Damaris, unaona? Baba yako hakwenda popote."

Polisi waliondoka na Alfayo. Baada ya mifupa kupimwa hospitalini, Nyamongo alizikwa nyumbani kwake Ekerenyo, kati ya migomba na majani chai. Abner alipofika mazishini, ami zake Damaris walimzibia njia.

"Damu ya muuaji haikanyagi hapa!"

Drusilla akaja katikati yao. "Huyu ndiye aliyemrudisha mume wangu. Mpeni sepetu."

Akapewa, akafukia kaburi pamoja nao. Aliporudi kunawa mikono, Damaris alikuwa kwenye bomba, macho yamevimba, kopo mkononi. Akamwagia maji viganja vyake vyenye makovu mabichi.

"Bado nina hasira," akasema.

"Najua. Ikiisha, nitakuja na wazee kukuposa."

"Kwanza uje peke yako. Mama ana maswali."

"Maswali gani?"

"Mengi. Na mimi ninayo yangu." Akainua macho, akamtazama sawasawa. "Lakini safari hii, Abner, nikiuliza Jumapili, unijibu Jumapili hiyo hiyo, si siku ya tisa."

"Nitakujibu."

"Haya. Njoo Jumapili."