Mazimwi Wachechemeao

Zimwi mwenye kimo cha kidole gumba alisimama juu ya meza, akainua rungu, akapiga hatua mbili, akaanguka kifudifudi. Tunu Mhando akamrudisha kwenye sanduku la mawimbi, ile mashine inayong'oa rangi kwa mtetemo, akaanza upya.

Jeshi zima alilinunua mtumba sokoni Korogwe, jiji ambalo siku hizi hata wafagiaji wake ni roboti. Vijiaskari vya mchezo wa vita havikuwa na mota wala betri. Kilichoviendesha ni rangi-tendaji: kila mpako wa brashi hugeuka msuli, na kijiaskari hutembea kwa namna ya mkono uliokipaka. Ndiyo maana rangi ya mwenyewe wa kwanza lazima ing'olewe, la sivyo kitakutii wewe huku kikimkumbuka yeye.

Mkono wa kulia wa Tunu uliangukiwa na winchi karakanani, ukakatwa. Badala yake alivikwa mkono-akili, ambao ndio uliompakia askari wake wote tangu hapo, na hata jeshi hili jipya ungelipaka lote kabla chai haijapoa. Wifi yake, Mwanahawa, alimshauri autumie, akisema mkono ni mkono. Safari hii Tunu akakataa katakata. Alitumia wa kushoto, mzito na mbishi, na haraka ikamponza: alipaka macho kabla ya miguu. Kila mpaka rangi anajua macho huja mwisho. Kijiaskari kikiona kabla hakijapata miguu hutaka kukimbia, na hivyo ndivyo joka lake zuri kuliko yote lilivyojirusha toka mezani, likavunjika bawa. Tunu alilia kwa hasira. Kisha akachovya brashi.

"Unajitesa kwa ajili ya nini, wifi?" Mwanahawa aliuliza.

"Fikirini ananionea huruma. Nataka tucheze kama zamani."

Fikirini alikuwa mpinzani wake tangu ujana, mtu asiyempa nafasi hata mama yake mzazi. Lakini tangu ile ajali alishindwa kila mchezo, na kila mara aliacha lango la kushoto la ngome yake wazi. Ushindi huo wa bure ulimuuma Tunu kuliko kidonda.

Jumamosi wakaketi ukumbini. Mazimwi wa Tunu waliingia wakichechemea, joka likiburuta bawa lililogandishwa kwa gundi. Watazamaji wakacheka. Fikirini hakuwatazama vizuri, na kama kawaida lango la kushoto likawa wazi. Tunu hakuligusa. Aliwapeleka kulia, penye upinde-hesabu wa Fikirini, ambao hukadiria hatua ya adui kabla hajaikanyaga. Mshale wa kwanza ukapita patupu, maana zimwi alipepesuka. Wa pili nao ukapotea.

Fikirini akainama, akaichunguza miguu ya yule zimwi kwa muda mrefu. Akafunga lango.

"Tangu uvikwe huo mkono, askari wako walitembea kama wa kila mtu," alisema taratibu. "Niliona nacheza na kiwanda. Nishinde ili iweje? Leo nimekuona wewe."

Kumbe haikuwa huruma.

"Basi cheza," Tunu akasema.

Fikirini akacheza kwelikweli. Alimmaliza zimwi mmoja baada ya mwingine, akaling'oa joka mwisho kabisa, wala hakuomba radhi. Tunu alikusanya majeruhi wake kwa mkono wa kushoto, furaha imemjaa hata hakuweza kuificha.

"Jumamosi ijayo," alimwambia, "lifunge hilo lango mapema."