Koku Kichwa Chini

Asimwe amekaa peke yake dawatini. Rafiki yake Koku yuko hospitali. Koku amevunjika mguu.

Ta-ta-ta, mvua inapiga bati. Darasa zima limenuna. Koku hayupo.

Mwalimu Projestus anaingia na simu. "Mama Koku ametutumia video," anasema. "Koku anatusalimia!"

Watoto wanamzonga. "Sioni!" "Sogea basi!" "Mwalimu, ananisukuma!" Simu ni ndogo, watoto ni wengi. Asimwe anaona viwiko tu.

Projekta ya shule nayo ni mbovu. Haiwaki hata ukiibembeleza.

Mwalimu anakuna kichwa. Anachukua boksi la viatu. Anatoboa tundu, krii, krii. Kwenye tundu anabandika lenzi, ile ya kutazamia wadudu. Ndani ya boksi anasimamisha simu.

"Fungeni madirisha," anasema. Darasa linakuwa giza totoro.

Ta-ta-ta, mvua inapiga bati. Na pale ukutani, Koku huyooo!

Lo! Kichwa kiko chini. Miguu iko juu.

Asimwe anaanza kulia. "Mwalimu, kwa nini wamemning'iniza?"

"Hawajamning'iniza, mwanangu. Lenzi ndiyo imegeuza picha. Ngoja niigeuze simu."

Asimwe hawezi kungoja. Anaugeuzia ukuta mgongo, anainama. Anachungulia katikati ya miguu yake.

"Namwona!" anasema. "Amekaa vizuri kitandani!"

Wote wanainama. Darasa zima, matako juu!

Lakini kwenye video Koku hacheki. "Jamani," anasema kwa sauti ndogo, "mmeshanisahau?"

"Hatujakusahau!" Asimwe anapiga kelele.

Video imeisha. Picha inazimika. Ukuta ni mtupu.

"Hakunisikia," anasema Asimwe. Bado ameinama. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye paji la uso.

Ta-ta-ta, mvua inapiga bati. Koku hayupo. Na Koku anadhani amesahauliwa.

Mwalimu anafungua madirisha, anachomoa simu haraka. "Mwambieni tena, wote. Narekodi. Kaeni hivyo hivyo, msinyanyuke!"

Jioni, kule hospitali, video ya darasa inafika. Koku anaigeuza simu ya mama hivi. Anaigeuza vile. Mbona wote wako vichwa chini?

Koku anacheka mpaka kitanda kinatikisika.

"Koku! Hatujakusahau!" inasema simu.

Anairudia. Anairudia tena. Macho yanakuwa mazito. Usingizi unamchukua, na simu kifuani bado inasema, "Koku! Hatujakusahau!"