Alikohoa, Wimbo Ukaendelea

Walikutana katika duka la vifaa vya umeme, saa sita mchana, watu wamebanana hadi mlangoni. Msichana, gauni la njano na viatu vya mchuchumio, alikuwa akiimba chinichini huku akisubiri betri.

"Dada, hapo umepanda juu mno," alisema mwanamume aliyesimama nyuma yake.

"Wewe nani, mwalimu wangu?"

"Fundi wa sauti. Tena asiye na kazi."

Msichana alicheka hadi betri alizokuwa amekabidhiwa punde zikamwanguka. Baada ya wiki moja fundi alikuwa na kazi katika ukumbi wa michezo ya nyimbo, ambako msichana huyo, waliyemwita Chiriku, ndiye aliyekuwa nyota. Wakapendana, wala hawakujificha.

Mwezi wa nne koo la Chiriku likaanza kukwaruza. Daktari akamwamuru akae kimya miezi mitatu, la sivyo sauti ingeharibika moja kwa moja.

"Nikinyamaza, nafasi yangu anachukua mwingine," Chiriku alimlilia fundi. "Nitakufa, mpenzi wangu."

Moyo ukamwuma fundi, akafanya ujinga ambao fundi wa sauti pekee angeweza kuufanya. Kila Chiriku alipofika penye sauti ya juu, alimzimia kipaza sauti na kufungulia wimbo aliokuwa amemrekodi zamani mazoezini. Hakumwambia. Chiriku akajisikia kwenye spika, mzima kabisa, akampigia daktari simu: "Nimepona, siji tena." Akazidi kujikamua kila onyesho.

Jumapili moja alasiri, ukumbi umejaa, alishikwa na kikohozi katikati ya wimbo, akainama. Sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye, tamu ajabu. Watu wakaangua kicheko.

Daktari alipomchungulia koo safari hii, alitikisa kichwa tu.

Wiki mbili fundi alipiga simu bila kujibiwa. Siku ya kumi na tano ikapokelewa.

"Nisamehe, mpenzi. Sikutaka uumie."

"Ungeniambia tu kwamba siwezi." Sauti ya Chiriku ilikuwa mkwaruzo mtupu. "Ningekununia siku mbili, kisha ningekwenda kutibiwa."

"Nataka kukuoa. Hivyo hivyo ulivyo."

"Ule wimbo bado unao?"

"Ninao."

"Unausikiliza?"

"Kila siku."

"Ufute, kisha uje."

Fundi aliitazama kompyuta, akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Siwezi, mpenzi. Ndiyo sauti yako pekee iliyobaki."

"Na hii ninayoongea nawe ni ya nani?"

Akakata simu.