Sauti ya Nyundo Sita

Je, umewahi kuketi na wenzako watano mkigonga gome la mti juu ya gogo moja, kila mmoja na nyundo yake ya mbao? Kama hujawahi, nisikilize mimi niliyeifanya kazi hiyo tangu sijang'oa meno ya utoto. Gome la mti wa hiapo hulowekwa, kisha tunaligonga asubuhi nzima mpaka kipande chenye upana wa kiganja kinatanuka kama shuka na kuwa kitambaa cha nguo. Hapa kijijini kwetu, magharibi ya kisiwa cha Tongatapu, mpita njia hujua kwa masikio tu nani kaja kazini na nani kalala.

Mjukuu wangu Lesieli alilelewa na mlio huo. Alipomaliza sekondari aliingia chuo mjini Nuku'alofa kusomea utengenezaji wa filamu na vipindi vya televisheni. Kila asubuhi alikunywa chai na kipande cha kiazi kikuu cha jana, akapanda basi, na jioni alinieleza aliyojifunza: taa iwekwe wapi, kamera ishikweje, sauti inaswe vipi. Alipofika kwenye sauti, chai yake ilipoa bila yeye kujua.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Binti yangu Pisila, dada wa baba yake Lesieli, alitaka mtoto asome habari kwenye televisheni. Na kwetu shangazi ndiye mkubwa katika nyumba ya kaka yake. Neno lake halipingwi, si na mtoto, si na baba wa mtoto. Pisila alisema sura ile si ya kufichwa nyuma ya kamera. Lesieli akainamisha kichwa, akaendelea kuosha vyombo.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alitakiwa kuleta filamu ya dakika tano. Atakayeongoza angechukuliwa na kituo cha televisheni miezi sita ajifunze kazi. Lesieli aliitamani nafasi hiyo kuliko kitu chochote, akaamua kutupiga picha sisi wanawake wa gogoni. Siku yenyewe aliniomba kwanza nigonge peke yangu kidogo, apime sauti. Mara akatokea Pisila na mkeka mkubwa wa ukoo, ule wa harusi, akamviringishia mtoto kiunoni, kama tunavyovaa kwenye shughuli, ili aonekane wa heshima mbele ya kamera. Lesieli alisema filamu ni ya akina bibi, si yake, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi ugenini. Maikrofoni ndogo ikabanwa kifuani pake, waya ukapita ndani ya mkeka, mwenzake wa chuo akashika kamera, nasi tukagonga.

Jioni alisikiliza. Picha zilikuwa safi, ila mkeka ulikuwa umekwaruza waya muda wote, kama panya kwenye majani makavu. Nikamwambia asijali, tutarudia kesho.

Kesho yake akafariki mzee Kepueli, jirani yetu. Kwetu mtu akifariki, nyundo hulala siku kumi, hata mtoto hapigi kopo. Na filamu ilitakiwa siku ya sita, Ijumaa.

Lesieli alijifungia na kompyuta siku mbili. Alhamisi akaniita pamoja na Bi Fatai, mwenzangu wa gogoni kwa miaka arobaini, maana waliopigwa picha ndio wanaostahili kuona kwanza. Tukatazama, sauti ikiwa chini kwa ajili ya msiba. Nyundo sita zililia vizuri kabisa. Bi Fatai akakunja uso.

"Seini, huyu ni wewe," akaniambia. "Na huyu wewe. Na huyu pia wewe. Sisi wengine tulikwenda kunywa chai?"

Nilicheka, kisha nikatega sikio. Ilikuwa kweli. Nyundo yangu ina ufa, hulia kavu. Bi Fatai naye, tangu alipovunjika kifundo cha mkono, hugonga akichelewa kidogo, kama mtu anayepanda ngazi. Kule kuchelewa kwake hakukuwamo.

Lesieli hakubisha. Alisema alichukua kile kipande nilichogonga peke yangu, akakirudufu mara sita. Mwalimu wake alikulia mjini, nguo za gome huzikuta zimekwisha tengenezwa, hawezi kutambua.

Bi Fatai akaacha mzaha. "Mwalimu hatajua, sawa. Na wajukuu zangu walioko Auckland? Siku nikiwa sipo wataniwekea filamu hii wanisikie, kumbe wanamsikia Seini?"

Mtoto akafunga kompyuta, akasema kesho atamweleza mwalimu ukweli. Nilimkumbusha kwamba huenda akaikosa ile nafasi.

"Najua, Bibi," akajibu.

Mwalimu Havea alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa wiki moja zaidi, lakini akamkata alama kumi na tano kwa kuchelewa, na nafasi ya kituoni ikaenda kwa mwingine. Lesieli alirudi macho mekundu. Alikula majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, akaongeza, kisha akaniuliza ni upande gani wa gogo unaolia vizuri zaidi.

Siku ya kumi na moja nyundo ziliamka. Lesieli hakuvaa mkeka wala hakusimama mbele ya kamera. Alilala kifudifudi kwenye majani, amefunika masikio kwa vile vya kusikilizia, akasogeza maikrofoni mpaka chini ya gogo. Nguruwe akapita akilia, tukarudia. Pikipiki ikapita, tukarudia. Mara ya nne Bi Fatai akasema mtoto huyu atatufanya tumalize nguo ya harusi kabla bwana harusi hajazaliwa. Lesieli akacheka, akatuomba turudie tena.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa. Bi Fatai aliposikia pigo lake lililochelewa, alijipiga paja. Mwalimu Havea akasimama mbele ya wanafunzi wote.

"Mimi nisingeujua udanganyifu ule," akasema. "Wenye kazi yao waliujua. Mnapofanya kazi, msiulize kama mwalimu atawagundua. Ulizeni kama mtaweza kuwatazama usoni wale mliowachukulia sauti zao. Alama zilizokatwa hurudi mwakani. Imani ya watu ikikatwa, hairudi upesi."

Baadaye tulikaa kula. Pisila alikuwa na furaha, akisema mwakani Lesieli akae mbele ya kamera na mkeka wake, yeye amekwisha zungumza na mtu wa kituoni. Nikamwona mjukuu wangu akiweka sahani chini. Akasogea, akaketi chini mbele ya shangazi yake kama adabu inavyotaka.

"Shangazi, naomba radhi," akasema, na safari hii alisikika mpaka mlangoni. "Sitaki kusoma habari. Tangu mwanzo nilitaka kuwa fundi wa sauti."