Uwanja wa Ng'ambo ya Mfereji

Droo ya kumi na nne ilikuwa wazi, na ndani yake hapakuwa na ramani. Palikuwa na kadi ya kijani tu, haijaandikwa kitu, imelazwa katikati kwa unadhifu.

"Nimeikuta hivi saa mbili kasoro," alisema mtunza ramani. "Sijagusa kitu."

Inspekta alimwamini nusu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mtu aliyekiri kugusa kitu.

Chumba cha ramani kilikuwa chini kabisa ya ofisi ya upimaji. Makabati ya chuma yenye droo pana, meza moja ndefu, dirisha moja lenye nondo. Kufuli la mlango lilikuwa zima. Ukutani ilitundikwa ramani kubwa ya mji, na juu yake viwanja vya michezo vilivyopotea vilipakwa rangi ya kijani. Kimoja kilikuwa chini ya soko, kingine chini ya kituo cha mafuta, na uwanja wa hoki ulilala chini ya kiwanda cha sabuni. Inspekta alihesabu thelathini na moja.

"Hiyo ni kazi ya Mzee Sentimita," alisema mtunza ramani. "Mpimaji na mchoraji wetu mstaafu. Huja kila Jumanne, anaiendeleza."

"Na iliyoibiwa?"

"Karatasi namba kumi na nne. Aliichora yeye pia, miaka arobaini na mbili iliyopita. Inatakiwa Baraza la Ardhi Ijumaa hii."

Akaeleza. Kamati ya mtaa ilikuwa ikidai irudishiwe uwanja wake wa mpira. Karatasi ile ndiyo hati rasmi pekee iliyoonyesha uwanja ulikuwa wapi, baraza halipokei nakala, na mahali hapo leo pana nyumba saba. Baraza likikubali, nyumba zote saba zitavunjwa.

"Kwa hiyo wenye nyumba hawaipendi."

"Mmoja alikuja juzi, mama mmoja fundi cherehani. Nilipomwonyesha alipiga kabati ngumi, akasema ataichana vipande vipande. Na mkasi alikuwa nao kwenye mkoba, afande."

Fundi cherehani kutembea na mkasi si ajabu, lakini koplo, aliyekuwa akinyunyiza poda kwenye kabati, aliona ajabu. Kufikia adhuhuri alama za vidole zilikuwa zimelingana na za fundi. Kufikia saa nane mama yule alikuwa mahabusu.

Inspekta alimhoji kesho yake asubuhi.

"Ulisema utaichana?"

"Nilisema."

"Uliichana?"

"Ningeichana ningewaletea vipande, niwaambie haya, shoneni."

"Hili si jambo la mzaha, mama."

"Nani anafanya mzaha? Ijumaa wanataka kuvunja nyumba niliyozaliwa. Baba yangu kafia mle, mama yangu kafia mle. Leo naambiwa miaka yote hiyo tulikuwa tunalala kwenye goli la watu."

"Ramani ndiyo inasema hivyo."

"Ramani inasema nyumba yetu ilikuwa kule ng'ambo, penye bohari la mfanyabiashara mmoja. Nyumba ina miguu? Uwanja ulikuwa ng'ambo ya mfereji, afande. Nilikuwa na miaka sita, nakumbuka. Mpira ulikuwa unavuka mfereji, unaangukia nguo za mama kwenye kamba. Wanakuja vijana na jezi zao, shikamoo mama, tunaomba mpira wetu. Sasa kama uwanja ulikuwa kwetu, mpira ulikuwa unavuka kutoka wapi?"

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Umemwambia nani haya?"

"Nani sijamwambia? Wananicheka. Wanasema ramani kaichora Mzee Sentimita, na yule hakosei."

Nje ya chumba cha mahojiano koplo alisema, "Anajitetea tu huyo."

"Anajitetea vizuri," alijibu Inspekta, akachukua funguo za gari.

Mtunza ramani hakufurahi kumwona tena.

"Hii kadi ya kijani ni ya nini?"

"Ukitoa karatasi kwenye droo, unaweka kadi mahali pake. Unaandika jina na tarehe. Ndiyo utaratibu wetu."

"Nani anaujua?"

"Sisi tu. Mgeni haruhusiwi kufungua droo."

"Basi nieleze. Mwizi kutoka nje anaingia, anachukua ramani, halafu anaweka kadi?"

Mtunza ramani aliigeuza kadi mkononi.

"Wanaoweka kadi tuko wawili," alisema polepole. "Mimi na mzee. Mkono unaweka wenyewe, hata hufikirii."

"Ana ufunguo?"

"Tulimwachia alipostaafu. Kwa heshima."

Inspekta aliomba daftari la vipimo la karatasi kumi na nne. Barabara ilikuwa na namba zake, ukurasa mzima. Mfereji ulikuwa na namba zake, shule pia. Kipande cha pembeni mwa mfereji, penye uwanja, kilikuwa na tarehe ya Jumamosi na mistari mitupu.

Mzee Sentimita alifungua mlango kabla Inspekta hajabisha mara ya pili. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote. Hakuuliza hati ya upekuzi. Aliwaongoza hadi chumbani, akainua godoro. Ramani ilikuwa imelazwa kati ya mbao mbili, imefunikwa karatasi safi.

"Naomba msiikunje," alisema.

Walirudi sebuleni, wakakaa. Koplo akatoa fomu ya maelezo.

"Ulijua lini kwamba ina kosa?" aliuliza Inspekta.

"Mwezi uliopita. Kamati waliniletea nakala nithibitishe kwamba ni kazi yangu. Nikaona nyumba ya wazazi wa yule fundi iko upande wa bohari. Nyumba ile naijua, mwanangu. Nimekunywa maji pale, nikifuata mpira."

"Kwenye daftari hakuna vipimo."

"Hakuna kwa sababu sikupima." Alisema hivyo akitazama mikono yake. "Jumamosi ile nilipangiwa kipande kile, na ndiyo ilikuwa siku ya fainali. Golikipa nilikuwa mimi. Nikajiambia, uwanjani humo nasimama kila wiki, nitauchora kwa kichwa. Jumatatu nikakaa mezani, nikafumba macho, nikajiona golini. Mfereji uko kushoto kwangu. Nikauchora uwanja mfereji ukiwa kushoto kwake, na nyumba ng'ambo."

"Halafu?"

"Nilichokumbuka ni kipindi cha pili. Tulikuwa tumeshabadilishana magoli, natazama kusini. Ramani inatazama kaskazini."

Inspekta aligeuka kidogo kitini, kushoto, kisha kulia, ndipo akaelewa: kushoto kwa mzee kulikuwa kulia kwa ramani.

"Si ungesema tu, mzee?"

"Nimechora viwanja thelathini na moja. Mitaa mingine minne inasubiri baraza kwa sababu ya ramani zangu. Nikikiri kimoja, mawakili watasema vyote niliviota. Nikaona karatasi ikipotea, nyumba za watu zitapona, na vile vingine vitapona."

"Na jina lako litapona."

"Na jina langu," alisema.

"Yule mama yuko mahabusu tangu jana."

"Nilisikia jana jioni."

"Ukafanya nini?"

"Nilivaa viatu nije kituoni. Nikakaa navyo hapa mpaka kumekucha."

Inspekta alikasirika, na hasira yake ilimshangaza, maana alikuwa amempenda mzee. Alimsogezea fomu atie sahihi.

"Kwa nini hukuichoma?" aliuliza koplo.

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hakumchoma mtoto.

Fundi cherehani aliachiwa mchana uleule. Mzee Sentimita alipewa dhamana. Kesi yake ya wizi ingesikilizwa baadaye. Ijumaa ramani ilipelekwa barazani ikiwa kielelezo, na mzee akaitwa kuielezea. Ukumbi ulijaa. Fundi alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

"Wewe ndiye uliyepima uwanja huu?" aliuliza mwenyekiti.

"Sikupima," alisema mzee. "Nilikuwa golini. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya mfereji, penye bohari. Nyumba hizi hazina kosa."

Fundi aliinamia mkoba wake, akalia bila kujificha. Wakili wa mfanyabiashara mwenye bohari alikuwa ameshasimama.

"Na hivi vingine thelathini, mzee wangu? Navyo ulikuwa golini?"

Watu walicheka.

"Hivyo nilipima," alisema mzee. "Kwa mnyororo wa kupimia, kimoja baada ya kingine."

Inspekta, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwamini. Alitazama meza ya baraza, akaona kwamba karani ameacha kuandika tangu watu walipocheka, na jibu hilo halikuandikwa.